Jibu la Kwanza

"Tuanze tena," Siwema alisema. "Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Umeamkaje?"

Bi Mwantumu alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa jiko, mito miwili mgongoni, kwa sababu siku hizi akiegemea nyuma pumzi zinakatika. Alimtazama binti yake, akaitazama sufuria ya chai, akameza mate. Ilionekana wazi kwamba anajitahidi.

"Salama," alisema. "Ila kifua..."

"Mama."

"Nimesema ila kifua."

"Umesema salama kwanza."

"Sasa mtu ananiuliza nimeamkaje, nimrukie na kifua changu kama sikulelewa? Si nampokea kwanza, halafu ndiyo namweleza?"

Siwema alishika kiuno. Zoezi hili walilianza wiki iliyopita, hapa hapa nyumbani Korogwe, kila asubuhi na kila jioni. Siku moja mama alifika hadi "sijaamka vizuri", kisha akaona haya, akaongeza "lakini tunashukuru". Na "tunashukuru" nayo, kwa watu wa Pumzi, kampuni ya bima, inahesabika kuwa ni afya njema.

"Kesho kutwa tunakwenda Tanga," Siwema alisema. "Mbele ya Baraza la Madai utasalimiwa. Jibu lako la kwanza ndilo litakaloshikwa. Ukisema salama, mlango wa moyo, ile vali, hawaulipii, na daktari amesema bila mlango mpya masika hii huimalizi. Nataka useme: ninaumwa. Basi. Halafu unyamaze."

"Ninaumwa," Bi Mwantumu aliiambia sufuria.

"Niambie mimi."

"Wewe unajua naumwa. Nikwambie ya nini?"

Juu ya mlango, Sikio lilikuwa kimya. Ni kidude cheupe, ukubwa wa kifuniko cha chupa ya chai, kimebandikwa mahali ambapo zamani watu walikuwa wakitundika kalenda. Kila nyumba mjini ilikuwa nacho. Mazoezi ya Siwema kilikuwa kinayasikia yote, lakini hakikuyajali, kwa sababu hakikuuliza chenyewe.

*

Tuseme ukweli, Sikio halikuletwa kwa ubaya. Ubaya ulikuja baadaye, tena taratibu, na ulikuja umevaa heshima.

Sheria ilipofuta bima za familia na za vikundi, kila mtu akaambiwa achague ya kwake, kichwa kwa kichwa, mume mbali na mke mbali. Watu wakapewa mikataba ya kurasa mia. Waliojua kusoma hawakuielewa, na wasiojua kusoma waliweka dole gumba. Wakaugua, wakaenda hospitali, wakaonyeshwa mstari fulani katika ukurasa fulani ambao walikuwa wameukubali. Miaka ikaenda hivyo, na watu wakafa kwa mistari.

Hapo ndipo kampuni ya Pumzi ilipoingia. Hakuna karatasi, walisema. Tutakuwekea Sikio nyumbani. Litakuamkia asubuhi, wewe utalijibu unavyojisikia, nalo kwa maneno yako na kwa pumzi zako litapima afya yako na kukupangia bima. Wataalamu wao walikuwa wamekaa na watu, wakasikiliza, wakajua kwamba mzee wa nchi hii hawezi kukiamini kitu kisichosalimia. Kwa hiyo Sikio likafundishwa shikamoo. Likafundishwa pole na kazi, pole na jua, habari za tangu jana. Kina mama ambao watoto wao wako Dar es Salaam na hawapigi simu mpaka sikukuu, wakapata wa kuwapa shikamoo kila siku ya Mungu. Walilipenda. Wengine walikuwa wakilifuta vumbi kabla ya kufuta televisheni.

Mafungu yalikuwa matatu. Fungu la Mwili Mzima lilitibu kila kitu bila maswali, na lilikuwa la wakubwa. Fungu la Dharura liliokota mtu aliyegongwa na gari, na damu ikishakatika kila mtu na njia yake. Katikati yao palikuwa na Fungu la Kauli. Hilo lilitibu kila kitu kama la kwanza, kwa bei ya kukaribia la mwisho, kwa sharti moja tu: uwe mtu wa kauli. Ulichosema asubuhi kuhusu mwili wako ndicho kinachokubalika, na hakuna atakayekubishia.

Korogwe nzima ikachukua Fungu la Kauli. Nani atajitangaza kwamba yeye si mtu wa kauli?

Siwema alikuwa mchaguzi. Ndivyo wanavyoitwa wenye leseni ya kuwasaidia watu kuchagua mafungu, na yeye alikuwa na meza yake kwenye chumba kando ya duka la kalamu na madaftari, ng'ambo ya stendi. Aliifanya kazi hiyo vizuri. Alieleza, alirudia, alichora vijisanduku kwenye karatasi mpaka mtu akaelewa. Hata mama yake, Siwema ndiye aliyemchagulia fungu. "Wewe hujawahi kumdanganya mtu," alimwambia. "Hili fungu ni kama limetengenezwa kwa ajili yako."

Jambo ambalo yeye wala mwingine hakulipima ni salamu. Mtu wa huku ukimuuliza habari anakujibu nzuri. Hata nyumba ikiwa inaungua nyuma yake, nzuri kwanza, kisha ila. Mzee Kihiyo wa mtaa wa pili alipofariki kitandani alfajiri, Sikio lilimwamkia mkewe likamuuliza ameamkaje, na mjane akasema, "Salama mwanangu, ila mzee ametutoka." Watu walilicheka jambo hilo palepale msibani. Miezi michache baadaye yule mama alianguka kwa presha, Pumzi wakasema presha hiyo haikuanza jana, na kwamba kila siku alikuwa akikiri mwenyewe kuwa ni salama. Jibu la kwanza ni tamko. Yanayofuata baada ya ila ni mazungumzo tu, na mazungumzo hayamfungi mtu yeyote. Hapo kicheko kilikatika.

Vijana walijifunza upesi. Ukipita stendi siku hizi ukimwambia kijana mambo vipi, anakujibu, "Mgongo, na jino la chini," bila hata kukutazama, ndipo mnaendelea na yenu. Wanazoea hivyo ili ulimi usije ukawasaliti wakiwa nyumbani. Wazee wameshindwa. Si kwamba hawaelewi. Wanaelewa sana, ila mdomo haukubali.

Bi Mwantumu alinyimwa kwa sauti, asubuhi, na Sikio lenyewe. "Shikamoo mama," lilisema. "Pole sana kwa kuumwa. Dai lako la mlango wa moyo halikukubaliwa, kwa sababu miaka yote minne umetamka kwamba hujambo. Tunakuombea nafuu." Naye, Mungu ni shahidi, alisema, "Marahaba, ahsante mwanangu." Siwema alikuwa uani anafua. Aliyasikia yote hayo na akabaki ameshika nguo iliyolowa, asijue amkasirikie nani kwanza.

*

Ofisi za Baraza zilikuwa ghorofa ya tatu, na lifti ilikuwa ya wafanyakazi. Bi Mwantumu alipanda ngazi akipumzika kila baada ya tatu nne, khanga ameibana mdomoni ili asionekane anavyohema. Siwema alipanda nyuma yake, mikono ameitanguliza, tayari kumdaka. Midomo ya mama ilikuwa imeanza kuingia rangi ya zambarau.

Kuna jambo ambalo Siwema hakumwambia mama yake. Alilijua kwa sababu ya kazi, na alikuwa amelala nalo wiki nzima. Sheria ina kifungu walichokitunga kwa ajili ya wazee waliochanganyikiwa. Mtu wa karibu akiapa kwamba mwenye bima hana kauli, basi yote aliyotamka yanafutwa, kama hayakusemwa, na Pumzi inalazimika kumtibu kwa Mwili Mzima chini ya mlezi. Ni rahisi hivyo. Ila kauli ikishafutwa inafutwa kote. Benki haimsikii, serikali ya mtaa haimsikii, mahakama haimsikii. Mlezi ndiye anayemsemea mpaka siku ya kuzikwa, na kauli haijawahi kurudishwa kwa mtu yeyote.

Na Bi Mwantumu alikuwa kijumbe. Upatu wa akina mama wa mtaa wao wa Manundu ulikuwa mikononi mwake tangu Siwema hajazaliwa, zamu ya nani na nani anafuata, yote kichwani. Wamegombana wake kwa waume katika mtaa ule, wamerogana kwa maneno, lakini hakuna aliyewahi kusema Mwantumu amesema uongo. Hana nyumba ya maana, hana shamba. Ana hilo.

Mlango ulifunguliwa na msichana aliyevaa gauni la kitenge, nywele amezisuka vizuri, uso mpole. Jina lake Atuganile, ndiye mwamuzi. Siwema alikuwa amejiandaa kukutana na mashine, au na mwanamume mwenye tumbo na dharau. Kwa huyu hakuwa amejiandaa. Binti alimshika mama mkono, akamkalisha, akavuta kiti cha pili amwekee miguu, kisha akapiga goti kidogo mbele yake. Mezani Sikio kubwa liliwaka taa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Poleni na safari, na ngazi zetu hizi. Hujambo mama yangu?"

Siwema alimkanyaga mama yake mguu, polepole, kama walivyokubaliana. Bi Mwantumu alimtazama yule binti aliyepiga goti. Mtu angeweza kuona kabisa kinachopita usoni mwake: hapa kuna mtoto wa watu, amelelewa, amenishika mkono.

"Sijambo mwanangu," alisema. "Namshukuru Mungu. Sijui nyie hapa."

Taa ikageuka kijani. Atuganile alifumba macho kidogo. Kwao Tukuyu nako ana mama, na mama huyo angejibu vilevile.

"Sasa nikueleze shida yangu," Bi Mwantumu aliendelea. Akaeleza, tena kwa ufasaha kuliko daktari: lini alianza kulala ameketi, miguu ilivyovimba, jinsi moyo unavyoruka akiinua ndoo. Hakuacha kitu. Atuganile alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, na taa ilibaki kijani vilevile.

"Mama, mimi nimekusikia," alisema. "Lakini jibu lako limeshapokelewa. Na sitakuficha, kifaa chetu cha nyumbani kilianza kusikia pumzi zako zikifupika tangu mwaka wa pili. Kila asubuhi kilikuuliza. Ulisema salama."

"Kwa hiyo mlijua," Siwema alisema.

"Kifaa kilijua, dada."

"Miaka miwili mnamsikia mtu anakosa pumzi, mnamwambia shikamoo."

"Hatuwezi kumbishia mteja kauli yake. Ndiyo heshima tuliyoahidi kuwapa." Alilisema hilo akitazama meza. "Kama nyumbani kuna mwenye neno lingine, sheria inamruhusu. Mimi siruhusiwi kusema zaidi ya hapo."

Kifua cha mama kilisikika kikihema. Siwema alikisikiliza. Alimfikiria mama yake akiwa amekufa na kauli yake nzima, watu wamejaa uani, kila mmoja akisema yule mama alikuwa mkweli. Kisha akamfikiria akiwa hai. Hakuna aliyemwambia kwamba uchaguzi wenyewe utakuwa mchafu hivi, na alimchukia kila mtu aliyekuwa na mkono ndani yake, akiwemo yule binti mpole.

Akasimama. "Mama yangu hana kauli," alisema.

Bi Mwantumu aligeuka kumtazama, hajaelewa bado.

Atuganile alinyoosha mgongo. Sauti yake ikabadilika, ikawa ya kazini. "Nitakuuliza maswali matatu, utanijibu kwa sauti. Je, mtu huyu husema asiyoyamaanisha?"

"Ndiyo."

"Mara kwa mara?"

"Kila siku."

"Je, neno lake litegemewe katika jambo lolote?"

"Siwema," mama alisema. Hakupandisha sauti. "Mwambie mtoto wa watu umekosea. Mwambie umechoka na safari."

Siwema alimtazama usoni. Alifikiri kwamba kumtazama ni adabu ndogo iliyobaki, kwamba jambo kama hili mtu asilifanye amegeukia ukuta.

"Lisitegemewe," alisema.

"Katika jambo lolote?" Atuganile alirudia, kama sheria inavyotaka.

"Lolote."

Taa ikazimika. Bi Mwantumu hakulia. Aliikunjua khanga, akaifunga upya kiunoni, akashusha miguu kutoka kwenye kile kiti cha pili.

"Basi mimi huo mlango wenu siutaki," alimwambia Atuganile. "Sifanyiwi kitu. Nirudisheni kwangu, nife na jina langu."

Atuganile alimgeukia Siwema, na ikawa ni mara ya kwanza tangu waingie mama kuzungumza, naye yule binti asimtazame.

"Mlezi anasemaje?" aliuliza.

Bi Mwantumu alifungua mdomo tena, akaona hakuna anayengoja, akaufunga.

"Afanyiwe," Siwema alisema.

*

Alifanyiwa. Mlango ulioteshwa kwenye chupa kwa chembe za mwili wake mwenyewe, na walipoupachika ulishika siku ileile. Kazi hiyo Pumzi wanaiweza, hakuna anayewanyima sifa yao. Bi Mwantumu alirudi Korogwe akiwa analala chali na mto mmoja, uvimbe wa miguu umekwisha, midomo imerudia rangi yake. Alianza kuinua ndoo. Ukikaa karibu naye husikii kitu kifuani, na Siwema, aliyehamia pale kama sheria inavyomtaka mlezi, wakati mwingine alisogea karibu makusudi ili asikie jinsi palivyo kimya.

Akina mama wa upatu walikuja kumpa pole na sukari na mchele. Walikaa, wakamsifia alivyonawiri, wakacheka naye. Walipokuwa wanatafuta viatu mlangoni, mmoja wao, Mama Chausiku, alisema wameonelea mwenzao apumzike kwanza, kwa hiyo mzigo wa upatu watamwachia Bi Mgeni aubebe. Si watu wabaya. Upatu usioandikishwa kwa Sikio la kijumbe hautambuliwi siku hizi, na Sikio halimwandikishi asiye na kauli. Bi Mwantumu alisema vizuri, hakuna neno, akawasindikiza mpaka kona.

Nyumbani aliongea kidogo, na kwa upole. Hapo ndipo Siwema aliposhindwa. Angetukanwa, angerushiwa sufuria, angejua la kufanya. Alimwomba radhi zaidi ya mara moja, na kila mara mama alisema, "Nimekusikia," akaendelea na alichokuwa anafanya. Siwema alikuwa akienda mezani kwake ng'ambo ya stendi, akiwaeleza watu mafungu, na akijiuliza kama angeweza kurudi kwenye chumba kile cha Tanga angesema nini. Kila mara jibu lilikuwa lilelile. Angesema vilevile, na kulijua hilo hakukumpa nafuu yoyote.

Mwaka wa bima ulipogeuka, Sikio liliita asubuhi wakati mama yuko chini yake mlangoni, anachambua mchele kwenye ungo.

"Habari za asubuhi, Siwema. Mama ameamkaje?"

Halikumwamkia mama mwenyewe. Tangu Tanga halijamwamkia, ingawa amekaa chini yake kila siku.

"Amefanyiwa upasuaji wa moyo, anatumia dawa," Siwema alijibu. Jibu la kwanza, safi, kama anavyowafundisha wateja.

"Ahsante. Kama mlezi, unatakiwa kumchagulia mama fungu la mwaka huu. Unaweza kubaki na Mwili Mzima, au kupunguza. Chagua sasa."

Siwema alivuta kigoda akaketi mbele ya mama yake. Alitaka sana, kuliko alivyowahi kutaka kitu, mama achague mwenyewe, hata kama ni kimoyomoyo, hata kama hakuna atakayeandika.

"Mama, umesikia. Ni mwili wako. Wewe unataka lipi?"

Bi Mwantumu aliokota kijiwe, akakitupa uani.

"Mama, nakuuliza."

"Unaniuliza mimi?"

"Nakuuliza wewe."

Mama aliweka ungo chini. Alimtazama binti yake kwa muda, bila chuki yoyote, pumzi zinaingia na kutoka vizuri kabisa.

"Na nikikujibu, mwanangu," alisema, "utajuaje kama nasema kweli?"

Akauchukua ungo wake akaendelea na mchele. Sikio lilisubiri kidogo, likauliza tena, na Siwema akamchagulia.